Lushoto hadi Mtae kwa miguu, siku tatu na begi mgongoni: mwongozo kamili kwa anayetoka Dar

Wengi wanaotoka Dar kwenda kutembea Usambara Magharibi hawashindwi na mlima, wanashindwa na siku ya pili. Siku ya kwanza watu wanapiga picha, wanaimba, wengine wanapokea hadi mabegi ya wenzao. Kesho yake asubuhi kisigino kimetoka lengelenge, mabega yanawaka, goti halikunjiki. Ikifika saa nne mtu yuko kando ya barabara anaulizia bodaboda ya kumrudisha Lushoto mjini.

Sababu za waliorudia njiani zinafanana mno: begi lilikuwa zito, viatu vilikuwa vipya, waliondoka wamechelewa. Mambo yote matatu huamuliwa Dar, wiki kadhaa kabla ya kupanda basi. Ndiyo maana zaidi ya nusu ya mwongozo huu haijafika hata Chalinze.

Njia tunayoizungumzia ni hii: Lushoto mjini, kupita msitu wa Magamba hadi Lukozi, Lukozi hadi Rangwi, Rangwi hadi Mambo na Mtae. Kila siku ni saa tano hadi saba za kutembea. Unalala ndani, unakula kwa mama ntilie, na barabara ya magari ya Lushoto–Mtae haiko mbali sana na wewe. Kwa anayeanza, sijui njia bora kuliko hii.

## Vitu vya kuwa navyo

Andaa hivi kwanza, halafu ndiyo uendelee kusoma.

- Begi la mgongoni la lita 35 hadi 45, lenye mkanda mpana wa kiunoni. Bila mkanda huo, liache dukani.
- Viatu vyenye soli ya meno, ambavyo umeshavitembelea.
- Ndala au yeboyebo za jioni.
- Soksi jozi tatu za sufu au za michezo, zisizo za pamba tupu.
- Jezi mbili za mpira au fulana za michezo, na suruali moja nyepesi ya kutembelea.
- Nguo kavu za kulalia: suruali ya michezo na fulana ya mikono mirefu. Hizi hazitoki ndani ya begi ukiwa njiani hata iweje.
- Sweta zito au jaketi la manyoya mepesi, kofia ya kufunika masikio.
- Koti la mvua lenye kofia.
- Kanga au kikoi kimoja. Ni taulo, shuka, pazia la kubadilishia nguo na kitambaa cha kujifunika unapopita kijijini.
- Chupa mbili za maji za lita moja, na vidonge vya kutibu maji.
- Tochi ya kichwani, pawabenki, filimbi.
- Plasta pana ya kitambaa (ile ya rola inayouzwa duka la dawa), bandeji moja, mkasi mdogo, sindano, dawa ya maumivu, pakiti nne za ORS (unga wa kurudisha maji na chumvi mwilini), dawa zako binafsi, na pedi kwa wanawake hata kama tarehe bado.
- Mfuko mkubwa na mzito wa takataka, wa kuzuia mvua ndani ya begi.
- Kitambulisho cha NIDA na pesa taslimu za noti ndogondogo.

Hema, jiko, sufuria na mtungi wa gesi havimo, na nimeviacha kwa makusudi. Mtu anayebeba hema kwenye njia yenye gesti na nyumba ya masista anabeba kilo tatu za bure. Moto ndani ya hifadhi hauruhusiwi, kwa hiyo hata jiko lenyewe ungelibeba tu.

## Hatua ya 1: Chagua mwezi

Nenda kati ya Juni na Septemba, au Januari na Februari. Masika ya Machi hadi Mei yanageuza udongo mwekundu wa Usambara kuwa sabuni, na vuli ya Oktoba hadi Desemba huja kwa vipindi visivyotabirika.

Juni hadi Agosti ni miezi mikavu kidogo lakini ya baridi kali. Lushoto mjini ni takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Magamba huko juu unapita mita 2,000. Usiku halijoto inaweza kushuka hadi nyuzi 10 au chini yake. Mtu wa Sinza aliyezoea kulala na feni haamini mpaka ayaone. Sweta si la hiari.

Kuhusu kuumwa na mwinuko, ondoa wasiwasi. Ugonjwa huo kwa kawaida huanza kusumbua watu kuanzia mita 2,500 kwenda juu. Pumzi itakuwa fupi kidogo siku ya kwanza, basi.

## Hatua ya 2: Fundisha miguu, wiki sita

Dar ni tambarare na iko usawa wa bahari. Mazoezi ya gym husaidia mapafu, lakini hayafundishi kisigino kukaa ndani ya kiatu saa sita, wala hayafundishi mabega kubeba.

Wiki ya 1 na ya 2. Tembea kilomita tano au sita, mara tatu kwa wiki, ukivaa viatu vyenyewe vya safari na soksi zenyewe. Daraja la Tanzanite kwenda Coco Beach na kurudi ni njia nzuri alfajiri. Anza saa kumi na mbili asubuhi. Jua la saa tatu la Dar litakuchosha kwa sababu zisizohusu mlima.

Wiki ya 3 na ya 4. Ongeza begi lenye kilo nne au tano. Chupa za maji zinafaa, maana ukizidiwa unamwaga. Mara moja kwa wiki tembea kwenye mchanga mkavu wa ufukweni, Coco au Kigamboni: mchanga unafundisha vifundo vya miguu. Mara nyingine tafuta ngazi za jengo la ghorofa, upande na kushuka kwa nusu saa. Kushuka usikupuuze. Misuli ya mapaja inaumia zaidi kwenye mteremko kuliko kwenye mpando, na Dar hakuna mteremko wa kutosha isipokuwa uutafute.

Wiki ya 5. Hili ndilo zoezi lenye thamani kuliko yote: tembea siku mbili mfululizo na begi kamili. Jumamosi nenda vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, saa nne au tano. Nendeni kikundi, na simu zikae mfukoni. Jumapili asubuhi, hata kama mwili unakataa, vaa viatu vilevile utembee saa tatu mtaani kwako. Mwili ukishaijua asubuhi ya pili Dar, hautashtuka ukiikuta Lukozi.

Wiki ya 6. Pumzika. Tembea kidogo mara mbili bila begi. Anayejaribu kufidia wiki alizoruka anapanda basi akiwa ameshachoka.

*Utajuaje umefaulu:* Jumapili ya wiki ya tano unamaliza saa tatu huku unaongea sentensi nzima bila kuhema, na miguu haina sehemu nyekundu inayouma ukiigusa. Ikiwa ipo, hatua inayofuata inakuhusu sana.

## Hatua ya 3: Viatu, soksi na ngozi

Viatu vya mitumba vya Karume na Kariakoo ni vizuri na mara nyingi ni imara kuliko vipya vya bei ileile. Lakini vina ugonjwa mmoja unaofichika: soli ya povu iliyokaa miaka mingi stoo huoza kwa ndani. Inaonekana nzima, halafu inabomoka vipandevipande siku ya kwanza ya kutembea.

Kabla hujalipa, fanya hivi. Kunja kiatu mbele kwa nguvu utazame kama kuna nyufa kati ya soli na ngozi. Bonyeza ubavu wa soli kwa kucha ya kidole gumba. Ikibonyea na kurudi, nzuri. Ikiacha shimo au kutoa unga, rudisha. Ukishanunua, mpelekee fundi viatu aishone soli kuzunguka kiatu kizima kwa uzi mnene. Gundi peke yake haiaminiki ikilowa.

Nunua kubwa kidogo. Ukiwa umevaa soksi nene, sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse, halafu jaribu kuingiza kidole kimoja cha mkono nyuma ya kisigino. Kinatakiwa kiingie. Jioni mguu huvimba, na kwenye mteremko vidole husukumwa mbele. Kiatu kinachokutosha sawasawa dukani kitakuachia kucha nyeusi Mtae.

Soksi za pamba tupu ni adui. Pamba inanywa jasho na kulikumbatia, ngozi inalowa na kulainika, kisha msuguano unaitenganisha. Hivyo ndivyo lengelenge linavyozaliwa: joto, unyevu na msuguano kwa pamoja. Ondoa kimojawapo, halitokei.

Kata kucha siku tatu kabla ya safari, kwa mstari ulionyooka. Ukizikata usiku wa kuamkia safari zitakuwa bado kali na zitachoma kidole cha pili.

## Hatua ya 4: Pima begi, halafu punguza

Hapa ndipo safari nyingi huharibika, kwa hiyo twende taratibu.

Pima. Beba begi lililojaa, pamoja na maji lita mbili, hadi kwa muuza nafaka aliye karibu nawe na umwombe aliweke kwenye mizani. Usikisie kwa kuliinua, maana mkono hudanganya. Kwa njia hii ya kulala gesti, lenga kilo 8 hadi 9, maji yakiwemo. Kwa vyovyote lisivuke sehemu moja ya tano ya uzito wako: mwenye kilo 60 mwisho wake ni 12, na hapo tayari ataumia.

Mwaga kila kitu sakafuni. Gawa mafungu matatu: vya lazima, vya kunusuru, na vya "huenda". Fungu la tatu lirudi kabatini lote, bila mjadala. Humo utakuta jinzi (nzito, haikauki), taulo la kuogea, viatu vya pili, chupa kubwa ya mafuta ya kupaka, spika ya muziki, pakiti za biskuti za kutosha darasa zima. Mafuta hamishia kwenye kichupa cha dawa. Sabuni kata nusu.

Pima tena. Kama bado ni kilo 11, kosa mara nyingi liko kwenye chakula. Lukozi ni soko kubwa la mboga. Karoti, kabichi, viazi mviringo na njegere zinazouzwa Kariakoo nyingi hutoka huko. Unakwenda palipo na chakula. Beba vya njiani tu: karanga, tende, kashata, na kitu kimoja unachokipenda cha kujipa moyo.

Funga. Tandaza mfuko wa takataka ndani ya begi kwanza. Chini kabisa weka nguo za kulalia, hutazihitaji mpaka usiku. Katikati, zikigusa mgongo, weka vizito: maji ya akiba na chakula. Juu weka koti la mvua na sweta. Mifuko ya nje ni ya chupa ya maji, karanga, plasta na tochi. Ukiweka kizito mbali na mgongo, begi linakuvuta nyuma, unainama mbele kulisawazisha, na ifikapo mchana kiuno kinakulipisha.

Vaa kwa mpangilio. Legeza kamba zote. Livae. Inua mabega kidogo, funga mkanda wa kiunoni *juu ya mifupa ya nyonga*, wala si tumboni. Kaza. Sasa kaza za mabegani mpaka ziguse tu. Mwisho funga ile ya kifuani, legevu kiasi cha kupumua.

*Utajuaje umefaulu:* pitisha kidole chini ya kamba ya bega. Kikipita kwa urahisi, nyonga zinabeba na mabega yanashikilia tu. Kikibanwa, fungua uanze upya. Fanya hivi nyumbani mpaka mikono izoee, maana njiani utalivaa na kulivua mara nyingi kwa siku.

## Hatua ya 5: Karatasi, ramani na mwongozaji

Pakua ramani ya eneo zima kwenye simu ukiwa Dar, kwa programu inayofanya kazi bila mtandao kama OsmAnd. Weka alama Lushoto, Magamba, Lukozi, Manolo, Sunga, Rangwi, Mambo na Mtae. Kisha zima mtandao ujaribu kama inafunguka. Wengi huruka jaribio hili, na ramani inawagomea palepale wanapoihitaji.

Kukadiria muda, tumia kanuni ya Naismith: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 15 zenye mpando wa mita 600 ni saa nne. Hiyo ni kwa mtembeaji aliyezoea, bila mapumziko. Wewe ongeza nusu yake, iwe sita.

Onyo: ndani ya msitu wa Magamba usiingie bila mwongozaji wa hapo. Ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, ina kiingilio, na malipo hufanyika kwa namba ya malipo ya serikali utakayopewa, si kwa mkono wa mtu. Zaidi ya hayo, ukungu hushuka ghafla na njia za wakata kuni zinafanana zote. Mwongozaji mtafute Lushoto mjini, kwenye ofisi za utalii wa jamii. Muone kitambulisho chake, na mkubaliane mapema kabisa: bei ni ya siku ngapi, chakula na malazi yake ni juu ya nani, na nauli yake ya kurudi kutoka Mtae italipwa na nani. Mambo haya yakiachwa hewani yanaharibu undugu siku ya mwisho.

Mwambie pia akupigie simu mbele kuulizia vitanda Lukozi na kwa masista wa Rangwi. Usifike jioni bila taarifa.

## Hatua ya 6: Dar hadi Lushoto

Mabasi yanaanzia Kituo cha Magufuli, Mbezi. Chukua la asubuhi kabisa, linalokwenda Lushoto moja kwa moja, kupitia Chalinze, Segera na Korogwe. Ukilikosa, panda la Moshi au Arusha ushuke Mombo, kisha upate gari dogo la kupanda. Kutoka Mombo barabara inapinda sana kupitia Soni. Mwenye kichefuchefu akae mbele na asile chipsi Korogwe.

Toa pesa taslimu Lushoto mjini. Huko mbele mawakala wapo, lakini wakala asiye na pesa mkononi siku unayomhitaji ni jambo la kawaida.

Jioni hiyo tembea hadi Irente utazame bonde la Mombo kutoka juu. Miguu inanyooka baada ya kukaa basini, na unalala vizuri.

## Hatua ya 7: Siku ya kwanza, Lushoto hadi Lukozi

Ondoka saa moja asubuhi. Mawingu na mvua za milimani hupenda alasiri, na giza huingia saa kumi na mbili na nusu jioni. Lengo ni kuwa umevua viatu saa tisa.

Robo saa ya kwanza tembea polepole kuliko unavyotaka. Hii ni amri ngumu kuliko zote, maana mwili ni mpya na hewa ni tamu. Kasi sahihi ni ile inayokuwezesha kuongea sentensi nzima. Anayehema kwenye mpando wa kwanza anatumia akiba ya kesho.

Baada ya nusu saa simameni wote. Kaza kamba za viatu upya, rekebisha begi, na kila mtu ajibu swali moja: kuna sehemu ya mguu yenye joto?

Joto hilo ndilo onyo pekee utakalopewa. Likiwepo, vua kiatu hapohapo, hata kama kundi linanung'unika. Kausha ngozi kwa kanga. Kata plasta pana, uizungushe pembe zake kwa mkasi ili zisikunjike, ibandike bila mkunjo hata mmoja, na uipapase kwa kiganja nusu dakika ili joto la mkono liishikishe. Vaa soksi uivute iwe nyororo. Dakika tano hizo zinaokoa siku mbili.

Kunywa karibu nusu lita kwa saa, kidogokidogo. Baridi inaficha kiu. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, umechelewa.

Kila baada ya dakika hamsini pumzika kumi. Ukisimama, vaa sweta *kabla* ya kusikia baridi, uvue tena unapoanza. Ndani ya Magamba sogea kimya ukiweza: mbega weusi wenye manyoya meupe mabegani wanaonekana juu ya miti, lakini hawasubiri kundi linalopiga kelele.

Vijijini anza wewe kusalimia, na wazee wape shikamoo yao. Usikanyage matuta ya mboga kufupisha njia. Mwenye shamba kayajenga kwa jembe. Kaptura fupi acha Dar, na picha za watu uombe kwanza.

*Utajuaje umefaulu:* unafika Lukozi ukiwa na hamu ya kula. Aliyechoka kupita kiasi hana hamu hiyo.

## Hatua ya 8: Jioni ya Lukozi inayoamua siku ya pili

Fuata mpangilio huu, hata kama kitanda kinaita.

1. Vua viatu, toa soli za ndani, viache wazi.
2. Osha miguu kwa maji na sabuni, ikaushe hadi katikati ya vidole.
3. Ikague kwenye mwanga. Lengelenge dogo lisilouma lifunike, usilitoboe. Ngozi ile ndiyo bandeji bora. Likiwa kubwa na haliruhusu kuvaa kiatu, choma sindano kwenye moto, iache ipoe, litoboe pembeni karibu na ngozi nzima, kamua maji, usibandue ngozi, funika.
4. Vaa nguo kavu za kulalia. Fua soksi, zianike.
5. Kula mlo mzito: ugali au wali, maharage, mboga. Kunywa ORS moja kama ulitoka jasho sana.
6. Lala na miguu imeinuliwa juu ya begi dakika ishirini.

Maji ya kesho yatibu usiku huu. Maji ya mto au chemchemi yanaonekana safi, lakini mifugo na watu wako juu yako. Chemsha yatokote sawasawa, au weka kidonge na usubiri muda ulioandikwa kwenye pakiti. Yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kanga, kwa sababu dawa haifanyi kazi vizuri kwenye maji machafu.

## Hatua ya 9: Siku ya pili, Lukozi hadi Rangwi

Utaamka umekakamaa. Hiyo ni hali ya kawaida, na huisha ndani ya nusu saa ya kutembea taratibu. Maumivu yasiyo ya kawaida ni yale ya upande mmoja tu, ya kuchoma, yanayozidi kadiri unavyotembea: goti moja, kifundo kimoja. Hayo yasikilize.

Bandika plasta visigino vyote viwili kabla ya kuvaa soksi, hata kisichouma.

Kwenye miteremko kaza kamba za kiatu sehemu ya juu ya mguu ili vidole visigonge mbele. Piga hatua fupi, magoti yakunje kidogo. Kata fimbo au nunua kwa mtu kijijini, ndefu kiasi cha kukunja kiwiko pembe mraba. Fimbo inayapunguzia magoti mzigo.

Sheria ya saa sita: ikifika saa sita mchana hujafika nusu ya njia, muulize mwongozaji njia fupi ya kwenda barabarani, upande gari au bodaboda hadi unapolala. Kuamua saa sita ni busara. Kuamua saa kumi na moja ukiwa porini ni dharura.

Mvua ikikukuta: vaa koti mapema, endelea kutembea, kula kitu kitamu. Hatari ni aliyelowa akisimama kwenye upepo. Mwenzako akianza kutetemeka, kuongea kwa kuburuza maneno au kujikwaa ovyo, mwingizeni ndani ya nyumba yoyote iliyo karibu, mvueni nguo mbichi, mvisheni kavu, mpeni chai tamu ya moto kama anameza vizuri. Msimpe pombe. Namba ya dharura ni 112, na hospitali ya wilaya iko Lushoto mjini.

Rangwi unalala kwenye nyumba ya watawa. Fika mapema, ongea kwa sauti ya chini, rudia mpangilio wa jioni ya jana bila kuruka hata kipengele kimoja.

## Hatua ya 10: Siku ya tatu, Mambo na Mtae

Sasa mwili umeshaelewa kazi na begi limepungua karanga zote. Hatari iliyobaki ni furaha. Karibu na Mambo na Mtae ardhi inakatika ghafla na kushuka hadi tambarare za Mkomazi chini kabisa. Kaa hatua tatu kutoka ukingoni, vua begi kabla ya kupiga picha, na usisogee kinyumenyume ukitazama simu. Upepo huko una nguvu ya kusukuma mtu mwenye begi.

Kukiwa kweupe utaona milima ya Upare, na ukibahatika Kilimanjaro. Nafasi nzuri zaidi ni alfajiri, kwa hiyo lala Mtae, usikimbilie kuondoka.

## Kurudi

Basi la kutoka Mtae huondoka alfajiri kungali giza. Jioni muulize mwenye gesti saa na mahali, ukate tiketi usiku huohuo, na upange vitu kabla ya kulala. Tochi iwe mfukoni, si ndani ya begi.

Ukifika Dar usisukume begi uvunguni. Unyevu wa pwani hutia kuvu kwenye begi na viatu kwa siku chache tu. Suuza udongo mwekundu kwa maji baridi na brashi, jaza magazeti ndani ya viatu, anika vyote kivulini penye upepo. Jua kali linakausha gundi ya soli. Plasta zilizotumika, ORS na vidonge vya maji nunua vingine wiki hiyohiyo, uvirudishe kwenye mfuko wake.